Huruma, Heshima na Kizingiti cha Darasa

Darasa la shule ya msingi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki limejengwa kwa kumfikiria mwanafunzi mmoja. Ana miaka 6 au 7. Anaona maandishi ya ubaoni akiwa dawati la nyuma, anamsikia mwalimu juu ya kelele za wenzake 80, anaruka mtaro wa maji ya mvua, anavuka kizingiti, na chooni anachuchumaa na kunyanyuka bila kushika kitu. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba wengine wasiingie. Fundi alijenga kama alivyozoea, mwalimu akafundisha kama alivyofundishwa, na mwenye mwili mwingine au umri mwingine akajikuta nje. Ulemavu na umri hushughulikiwa na idara tofauti, sera tofauti na mafungu tofauti ya bajeti, lakini mlangoni pa darasa huwa suala moja: shule ilimtarajia nani?

Mtazamo wa jamii huanza kuonekana katika lugha. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete, kichaa na kibyongo katika umbo la KI-VI, umbo la vitu, na wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba wahenga walimshusha mtu mwenye ulemavu akawa sawa na kiti na kijiko. Hoja hiyo inavutia kuliko inavyothibitika. Kiongozi na kijana wamo humo humo, na upatanisho wa sentensi hubaki wa mtu, kwani husemwa kipofu amefika, wala si kimefika. Lenye uzito ni kwamba majina hayo humtaja mtu kwa kilichopungua tu, mpaka kilema kikammeza mwenyewe. Ndiyo sababu vyama vya watu wenye ulemavu vimesukuma matumizi ya mtu mwenye ulemavu, asiyeona, na mtu mwenye ualbino badala ya zeruzeru. Viziwi hawakufuata mkumbo. Chama chao nchini Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi, CHAVITA, na neno hilo hulitumia bila haya, kwa kuwa kwao uziwi ni jamii yenye lugha yake na si tundu linalosubiri kuzibwa. Anayesahihisha lugha za watu angefanya vyema kuwauliza wenye jina kwanza.

Upande wa umri mambo yanaonekana mazuri zaidi, kwa muda. Mzee ni neno la heshima kiasi kwamba bosi wa miaka 40 huitwa mzee na walio chini yake. Mwili ukizidi kuchoka, hata hivyo, mtu huyo huyo hugeuka kikongwe, naye bibi kizee wa ngano huwa ama mwenye siri ya kumwokoa shujaa ama mchawi wa kijiji. Methali nazo zimegawanyika. Samaki mkunje angali mbichi humwambia mtu mzima kwamba wakati wake wa kufunzwa umepita, na elimu haina mwisho humwambia kinyume chake. Kuhusu ulemavu, methali inayosikika mara nyingi kuliko zote ni hujafa hujaumbika. Kwa kawaida hutolewa kama onyo kwa anayemcheka mwenzake: na wewe yaweza kukufika. Ikisomwa kama taarifa badala ya tishio, inasema kwamba kuumbwa hakukukoma siku ya kuzaliwa, na kwamba mwili wa leo ni wa leo tu. Anayeishi miaka 75 ana nafasi kubwa ya kumaliza akiwa na macho hafifu, masikio mazito au magoti yasiyokunjika. Ujirani wa ulemavu na uzee umo ndani ya methali hiyo, na wataalamu wa usanifu walikuja kuueleza kwa maneno marefu zaidi.

Katika maisha ya kila siku mitazamo mitatu hujitokeza. Wa kwanza ni huruma. Mtoto asiyetembea huachwa nyumbani ili asiumie njiani, asichekwe, asichoke. Anapewa chakula kwanza na kazi hapewi kabisa. Nje ya nyumba huruma hiyo hugeuka sadaka, naye mwenye ulemavu akawa mlango wa thawabu wa mtu mwingine. Wa pili ni heshima. Mzee hupewa kiti cha mbele, hasahihishwi hadharani, haulizwi swali ambalo huenda akalikosa. Darasani heshima hiyo ni pingu, kwa sababu kujifunza ni kukosea mbele za watu, na mwanamume wa miaka 60 hawezi kukosolewa na mwalimu wa miaka 24 bila pande zote mbili kuona aibu. Huruma na heshima hazifanani na chuki, na kwa hiyo ni vigumu kuzipinga. Mzazi anayemficha mwanawe huamini anamlinda.

Wa tatu ni hofu, na hapa ulemavu na umri vimekutana kwa namna ya kutisha. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miongo kadhaa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kwa kisa cha macho mekundu. Wekundu huo hutokana na miaka mingi ya kupikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyotoa moshi. Kanda hiyo hiyo, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, yakichochewa na waganga waliouza imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mkono wa pwani haukusalimika: huko Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa kuwa na mvi, na nyuma ya tuhuma za uchawi mara nyingi pamekuwa na shamba linalogombewa. Jibu la serikali kwa watoto wenye ualbino lilikuwa kuwakusanya katika shule na vituo vya bweni kama Buhangija mjini Shinyanga. Watoto walipata usalama, na kwa upande mwingine walitenganishwa na wazazi, na wanakijiji walioachwa nyuma wakaendelea kuamini walichokiamini, kwani hawakuwa tena na mtoto wa kumzoea.

Dini huingia katika mitazamo hiyo kutoka pande zote. Ulemavu huelezwa kuwa laana, mtihani, au mapenzi ya Mungu yasiyohojiwa, na mama ndiye anayetafutiwa kosa. Lakini msomaji wa pwani anaijua pia Sura ya Abasa, ambamo Mtume Muhammad anaonywa kwa kumkunjia uso Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makka. Ni kisa cha nani apewe muda wa mwalimu. Chuo cha Qur'ani chenyewe, kwa jinsi kinavyofundisha kwa kusomesha na kuhifadhi kwa sauti, kimekuwa mahali ambapo asiyeona angeweza kufika mbali sawa na wenzake, karne nyingi kabla ya mtu kuzungumzia elimu jumuishi. Si kwamba walimu wa vyuo walikuwa na moyo mwema kuliko wengine. Njia ya kufundishia haikupitia machoni, basi.

Idadi ya wanaohusika ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu wenye ulemavu asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka 5 na zaidi. Sensa ya 2009 ilikuwa imepata asilimia 3.5. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata asilimia 11.2 ya walio na miaka 7 na zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni, yaani watu bilioni 1.3. Haiwezekani kwamba anayevuka mpaka wa Namanga kutoka Kenya kwenda Tanzania anaingia katika nchi yenye ulemavu mara tano zaidi. Kinachobadilika ni swali. Ukimuuliza mkuu wa kaya kama nyumbani kuna mlemavu, unauliza pia kama yuko tayari kumwambia mgeni jambo la aibu. Maswali sita ya Kundi la Washington, yanayotumiwa sasa katika sensa nyingi, hulikwepa neno lenyewe na kuuliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na shida ni kubwa kiasi gani. Hata hapo lazima mtu aamue mstari ukatwe wapi: shida kidogo, au shida nyingi? Wazee ndio wanaopotea zaidi katika hesabu. Bibi asiyeona vizuri na asiyesikia vizuri atasema hana ulemavu wowote, ni uzee tu. Naye akishasema ni uzee tu, miwani na shimesikio havitafutwi.

Shule za kwanza za watoto wenye ulemavu katika eneo hili zilianzishwa na makanisa. Jeshi la Wokovu lilifungua ile ya Thika ya wasioona mwaka 1946, Waanglikana wakaanzisha ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Wakatoliki ile ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Buguruni ya viziwi, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Shule hizo zilitoa walimu, wanasheria na viongozi wa vyama ambao bila hizo wangebaki uani. Zilikuwa chache, za bweni, za mbali, na zilijengwa juu ya wazo kwamba mtoto ndiye mwenye tatizo na anahitaji mahali pake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kitengo: chumba cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, kama ilivyofanyika katika shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Kitengo kizuri ni daraja. Kitengo kibaya ni chumba cha mwisho kabisa cha uwanja, chenye mwalimu mmoja kwa ulemavu wa kila aina, ambacho watoto wake hukutana na wengine kwenye mlingoti wa bendera asubuhi na kwenye foleni ya uji. Tamko la Salamanca la Juni 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92, liligeuza hoja: shule ya kawaida ndiyo ibadilike. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 ukaligeuza wazo hilo kuwa wajibu wa kisheria. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya, katika Ibara ya 54, ikataja haki ya kufika kwenye taasisi za elimu na kutumia lugha ya alama na nukta nundu. Wazee walipata Ibara yao ya 57, inayozungumzia heshima, utu na matunzo. Shule haikutajwa humo.

Uganda ilijaribu njia ya moja kwa moja zaidi. Mpango wake wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, kila familia iliruhusiwa kusomesha watoto wanne bure, na mtoto mwenye ulemavu alipewa kipaumbele ndani ya wanne hao. Kanuni hiyo iliingia mahali ambapo sera nyingi haziingii, yaani katika mazungumzo ya baba na mama usiku kuhusu nani aende shule. Madarasa hayakuwa tayari kwa waliofika, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa watoto wote wa mwaka ule.

Elimu ya watu wazima ina historia yake, na ni tajiri kuliko inavyokumbukwa. Tanzania ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo takwimu za 1967 zilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 hesabu rasmi ziliwaweka chini ya asilimia 10. Hata aliye na shaka na usahihi wa takwimu hizo hawezi kukataa kwamba jambo kubwa lilitokea. Na lilitokea kwa sababu ya namna lilivyosanifiwa. Mradi wa majaribio wa Kanda ya Ziwa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, haukuwapa wakulima vitabu vya watoto. Uliandika vitabu vya kisomo kuhusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi, kila sehemu kwa kazi yake, na jina likawa kisomo chenye manufaa. Madarasa yalifanyika alasiri baada ya shamba, chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji, na mwalimu alikuwa mara nyingi jirani aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ambamo aliyejua kusoma aliwasomea wengine kijitabu, kisha kikundi kikajadili na kwenda kuchimba vyoo. Asiyesoma hakusubiri mpaka ajue kusoma ndipo aingie. Kikundi kilikuwa na nafasi yake siku ya kwanza. Kwa lugha ya leo huo ungeitwa usanifu jumuishi. Wakati ule uliitwa siasa ya kujitegemea.

Kisomo kilidhoofika uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, na pengo lake lilijazwa na dhihaka. Neno ngumbaru, ambalo lilimaanisha tu mwanafunzi mtu mzima, likawa tusi la kumtupia anayechelewa kuelewa. Mwili wa mtu mzima nao ni kipengele ambacho mipango ya kisomo hukisahau kwa urahisi. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na maandishi ya karibu huanza kucheza. Hilo humpata kila mtu, mkulima na profesa. Profesa hununua miwani, mkulima huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba kichwa chake ni kigumu. Kitabu cha herufi kubwa, taa inayotosha na miwani ya kusomea ni vifaa vya kufundishia kama chaki ilivyo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mkenya Kimani Ng'ang'a Maruge. Serikali ya Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, haikuandika popote kwamba elimu hiyo ya bure ni ya watoto tu. Januari 2004 Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu za sare. Mwaka uliofuata alizungumza katika Umoja wa Mataifa jijini New York. Alifariki Agosti 2009. Priscilla Sitienei, mkunga wa Bonde la Ufa, alimfuata njia hiyo akiwa katika miaka ya tisini, akakaa darasani na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa. Alifariki mwaka 2022. Dunia ilifurahia picha zao. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba wote wawili walilazimika kuwa watoto ili wasome: sare, dawati, ratiba na hadithi za vitabu vilivyoandikwa kwa wenye miaka 7. Walikubali. Kwa kila mmoja aliyekubali wapo wengi ambao heshima yao haikuwaruhusu, na hao hawapigwi picha.

Wazo la kuwaandalia wote nafasi tangu mwanzo, liitwalo usanifu kwa wote, lilitoka katika ujenzi. Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyepata polio utotoni na kutumia kitimwendo, alidai kwamba jengo lijengwe tangu mwanzo kwa ajili ya miili yote badala ya kurekebishwa baadaye kwa ajili ya wachache. Mwaka 1997 yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba za usanifu huo. Hesabu ya njia ya mteremko inatosha kuonyesha walichomaanisha. Kipimo kinachokubalika ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Darasa lililoinuliwa sentimita 45 kukwepa mafuriko linahitaji mteremko wa mita 5.4, na sehemu ya kugeuzia kitimwendo mbele ya mlango. Ukichorwa kabla ya msingi kumwagwa, gharama yake ni mifuko kadhaa ya saruji. Ukikumbukwa baada ya mkaguzi kupita, fundi hutengeneza kilima kifupi chenye mwinuko wa paa, ambacho hakuna mtoto anayeweza kukipanda bila kusukumwa na wawili. Kilima cha namna hiyo huhesabiwa katika taarifa kuwa miundombinu rafiki. Choo nacho mara nyingi kiko ng'ambo ya mtaro, mlango wake ni mwembamba, na ndani hakuna chuma cha kushikilia. Mtoto anayejua hivyo hanywi maji tangu asubuhi, na hilo halionekani katika mahudhurio mpaka aanze kuugua.

Wazo la usanifu kwa wote lilihamia kwenye ufundishaji kupitia CAST, taasisi iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1984. Hoja yake ni kwamba mtaala wenyewe unaweza kuwa na ngazi au mteremko. Somo litolewe kwa njia zaidi ya moja, mwanafunzi aruhusiwe kuonyesha alichojua kwa njia zaidi ya moja, na pawepo zaidi ya sababu moja ya kumfanya atake kujifunza. Katika darasa la watoto 90 na kitabu kimoja kwa watoto watano hoja hiyo husikika kama anasa ya wenye nacho. Sehemu kubwa yake, hata hivyo, haina bei. Mwalimu anayesema kwa sauti kila anachokiandika ubaoni amemfundisha asiyeona, mwenye uoni hafifu na yule wa nyuma aliyezibwa na kichwa cha mwenzake. Anayeligeukia darasa anapozungumza, badala ya kuzungumza na ubao, amemsaidia anayesoma midomo. Ubao uliopauka ukipakwa rangi upya, nusu ya darasa huona vizuri zaidi.

Mtoto mwenye ualbino ni mfano mzuri wa jinsi mambo madogo yanavyoamua makubwa. Uoni wake huwa hafifu na mwanga mkali humuumiza macho. Akikaa mbele, pembeni ya dirisha, bado haoni, kwa sababu jua linampiga. Akikaa mbele upande wa kivuli, anaona. Kanuni ya shule inayokataza kofia na kulazimisha mikono mifupi humuunguza ngozi, na gwaride la asubuhi la nusu saa juani ni hatari kwake kuliko mtihani. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, lakini hakuna mafuta yanayofuta sheria ya sare. Hapo kinachohitajika ni mwalimu mkuu mmoja mwenye kalamu.

Kiziwi anapinga ujumuishaji wa haraka haraka, na hoja yake ina mashiko. Wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia na wasiojua alama, wakafika shuleni wakiwa hawana lugha yoyote iliyokamilika. Kwao shule ya viziwi ni mahali pa kwanza wanapokutana na watu wanaozungumza nao. Kumweka mmoja wao peke yake katika darasa la wanaosikia, bila mkalimani, ni kumfungia ndani ya chupa ya kioo: anaona kila kitu na hakuna kinachomfikia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe unataka mtoto kiziwi afundishwe kwa lugha inayomfaa na katika mazingira yanayomkuza. Kenya imefika mbali kikatiba, kwani Ibara ya 120 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbunge anaweza kuhutubia kwa alama; mtoto wa darasa la tatu kijijini bado anategemea bahati ya kupangiwa mwalimu anayezijua.

Mtihani ndio kipimo cha mwisho cha nia. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na kuwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mpango huo unakubali jambo muhimu, kwamba kasi ya kusoma si akili. Ugumu uko kwenye miaka saba iliyotangulia: mtahiniwa hupewa mchoro wa jiometri wa kugusa siku ya mtihani, na huenda hakuwahi kuugusa mmoja darasani.

Umri na ulemavu hukutana tena kwa namna ambayo takwimu huificha. Mtoto mwenye ulemavu huanza shule akiwa amechelewa, kwa sababu alifichwa, alikuwa hospitalini, au shule iliyokubali kumpokea ilikuwa wilaya nyingine. Anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 14, magoti hayaenei chini ya dawati, na sasa anachekwa mara mbili. Tanzania ina mpango wa MEMKWA kwa walioikosa elimu ya msingi, wenye kundi la miaka 11 hadi 13 na la miaka 14 hadi 18, ambao hufupisha mtaala ili mwanafunzi afidie muda. Ni wazo jema lililosukwa kwa ajili ya kikwazo kimoja, umri, na mwenye vikwazo viwili huanguka katikati. Baadaye umri humngoja tena. Aliyeanza na miaka 14 na kurudia madarasa mawili hufika mlango wa chuo kikuu akiwa na 29. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, imeutambua ulemavu kuwa kigezo cha kupewa kipaumbele na imeweka ukomo wa umri wa mwombaji kuwa miaka 35. Mkono mmoja unafungua, mwingine unahesabu miaka. Akikaa miaka saba akifanya kibarua kabla ya kuomba, dirisha limeshafungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wanaosoma wakiwa kazini na majumbani, ndicho kilichobaki kwa wengi wa hao.

Simu ya mkononi imesogeza mipaka kuliko sera nyingi, na haikukusudia. Programu ya kusoma skrini kwa sauti iliundwa kwa ajili ya wasioona. Babu ambaye hajui kusoma huigundua kwa bahati na kuanza kusikiliza ujumbe wa wajukuu. Herufi hukuzwa kwa vidole viwili na mwanafunzi mwenye ualbino na pia na mwalimu wake aliyesahau miwani. Ujumbe wa sauti umewaingiza katika makundi ya familia wazee ambao kuandika kungewaacha nje. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kilichobaki ni kazi ya mchapishaji. Kitabu cha kiada kikitunzwa kama maandishi halisi, matoleo yote matatu hutoka humo humo. Kurasa zikipigwa picha na kupandishwa mtandaoni kama picha, kila mwenye macho husema kitabu kipo. Mwanafunzi asiyeona hukifungua, simu ikamtajia namba ya ukurasa, kisha ikanyamaza.